Cc si nguvu ya farasi
Usipime nguvu ya gari kwa cc peke yake. Cc (sentimita za ujazo) ni ujazo wa silinda zote za injini. Injini ya 1500cc yenye silinda nne ina 375cc kila moja, basi. Nguvu inatokana na msokoto (nguvu ya kuzungusha, inayopimwa kwa nyutonimita, Nm) na mizunguko ya injini: zidisha Nm kwa mizunguko ya dakika, gawa kwa 9549 upate kilowati, kisha zidisha kwa 1.34 upate farasi. Nm 150 kwenye mizunguko 6000 ni farasi 126 hivi. Nm hizohizo kwenye 2000 ni 42 tu! Ndiyo maana gari lenye sifa kubwa kwenye karatasi huchoka mlimani likiwa na mzigo, dereva asiposhusha gia. Mbeba mizigo aangalie kwanza Nm za mizunguko ya chini. Turbo, kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini, huziongeza bila kugusa cc.