SOMO: Kutengeneza punje za mwani za kunasa floraidi kwenye maji ya kisima

Wakuu, swali la jinsi ya kutumia mwani kupunguza floraidi (madini ambayo yakizidi yanatia meno madoa) nimelijibu inbox mpaka basi. Naliweka hapa lote.

Hili ni la wenye visima virefu, na ni zoezi la maabara. Maji ya Ziwa Victoria kwa kawaida floraidi yake ni ndogo. Kikomo cha WHO (Shirika la Afya Duniani) ni miligramu 1.5 kwa lita, kwa hiyo pima kwanza.

1. Nunua unga wa sodiamu alginati, unaotokana na mwani wa kahawia.

2. Koroga gramu 2 kwenye mililita 100 za maji. Kazi nyingi zinafia hapa. USITUMIE maji ya kisima: kalisi iliyomo inagandisha alginati kabla ya wakati. Tumia maji ya mvua yaliyo safi. Unga nyunyiza kidogo kidogo huku unakoroga. Ukiumwaga wote unapata mabonge yenye unga mkavu ndani, na hayayeyuki hata ukeshe. Funika, ulaze usiku kucha mapovu yatoke, la sivyo punje zitaelea.

3. Dondosha kwa bomba la sindano lisilo na sindano kwenye maji ya kalisi kloraidi (gramu 3 kwa mililita 100). Kila tone linaganda kama yai la sato. Acha saa chache, suuza.

4. Loweka kwenye alumini kloraidi usiku mzima. Chukua ile ya fuwele zenye maji. Ile kavu kabisa ikigusa maji inafoka na kutoa mvuke wa asidi. Glavu na miwani, tafadhali.

5. Suuza sana.

6. Weka kwenye maji ya kisima, tikisa, peleka maabara yapimwe floraidi NA alumini. Bila majibu hayo asinywe mtu.

MAONI

Mdau wa Magu: Mkuu, nikichemsha si inatosha?
— Hapana. Maji yanapungua, floraidi inabaki.

Kijana wa Igoma: Mwani wa Zanzibar unafaa? Au magugu maji?
— Soma namba 1. Mwani unaolimwa Zanzibar ni wa aina nyingine, unatoa karajini (utomvu mwingine wa kugandisha), si alginati. Magugu maji si mwani.

Mwalimu Nyegezi: Shikamoo mkuu. Kwa nini alumini? Mwani pekee hautoshi?
— Marahaba mwalimu, swali zuri. Alginati ina chaji hasi, floraidi nayo hasi, zinasukumana. Alumini ina chaji chanya, inakaa katikati na kuishika floraidi. Ndiyo maana maji yenye pH ya juu (yasiyo na uchachu) yanasumbua: yana haidroksaidi nyingi, nayo ina chaji hasi, inagombania nafasi ile ile. Wanafunzi wajaribu pH 6 na 9, walinganishe.

Mama Kwimba: Mwanangu, watoto wangu meno yana madoa, na kisima kimepimwa kiko sawa.
— Pole sana mama. Unapika maharage au makande kwa magadi? Baadhi ya magadi yana floraidi nyingi mno. Loweka maharage usiku badala yake.

Mama Kwimba: Natumia kila siku. Naacha leo.
— Fanya hivyo mama. Madoa ya sasa hayatatoka, ila mdogo ambaye meno yake ya ukubwani hayajamaliza kuumbika ndani ya ufizi, huyo unamuwahi.