Siti ya dirishani, lakini upande gani?

Ukikata tiketi ya ndege na wewe ni wa kutazama nje, usidake tu siti yoyote ya dirishani. Fungua ramani kwanza, uone mlima au pwani unayoitaka itabaki upande gani wa safari. Siti yenye herufi A huwa kushoto ukitazama mbele. Kulia ni F kwenye ndege nyingi zenye njia moja ya kupita, na kwenye zile pana mara nyingi ni K.

Halafu jua. Ukielekea kaskazini asubuhi, jua liko kulia. Jioni linahamia kushoto. Mimi hukaa kivulini. Upande wa jua kioo humeremeta, kila mkwaruzo unaonekana, na picha zinatoka zimepauka. Tena kivulini kuna zawadi yake: ndege ikipita juu kidogo ya mawingu, tazama chini, utaona kivuli chake kimezungukwa na duara la rangi kama za upinde wa mvua.

Mbele ya bawa ndiko kuzuri. Nyuma pia panafaa, ila hewa ya moto ya injini huifanya ardhi itetemeke kama lami wakati wa jua kali. Juu ya bawa, sahau.

Na kagua mchoro wa viti. Kuna safu ambazo hiyo "dirishani" ni ukuta mtupu. Yalinikuta: saa tatu nzima natazama plastiki.