Kabla ya Kugawa Diski ya Seva

Jua kwanza seva itafanya kazi gani. Ya tovuti ndogo na ya hifadhidata hazigawiwi diski kwa namna moja.

Diski ikizidi terabaiti 2, tumia GPT, jedwali jipya la kuorodhesha patisheni (vipande vya diski); MBR, lile la zamani, haifiki huko. Mashine ya UEFI (programu ya kuwashia kompyuta za kisasa) inataka patisheni ya EFI ya kuwashia, ndogo tu. /boot, penye faili za kuwashia Linux, ipe gigabaiti 1. Swap, sehemu ya diski inayoisaidia RAM (kumbukumbu ya kazi) ikijaa, iwepo, ila si mbadala wa RAM. Chomoa diski za nje kabla ya kuanza, usije ukafuta isiyostahili.

Sasa jambo lenyewe: mgawanyo wa otomatiki usome kabla ya kuukubali. SACCO moja upande wa Mbarara, Uganda, iliwekewa mfumo wa Rocky Linux kwenye diski ya terabaiti 1, fundi akaacha programu igawe yenyewe. Nayo ikafanya kama kawaida yake: mzizi (/, penye mfumo wenyewe) ukapewa gigabaiti 70, karibu zote zilizobaki zikaenda /home, penye faili za watumiaji. Hifadhidata hukaa /var (folda ya data inayokua, pamoja na logi, yaani rekodi za matukio), na /var ilikuwa ndani ya mzizi. Mzizi ukajaa wiki ya kufungua shule, wanachama wakiwa foleni wakisubiri mikopo ya karo. Hifadhidata ikagoma kuandika, huku /home ina mamia ya gigabaiti zisizo na kitu.

Utasema LVM si ipo, ile inayoweka diski kwenye kundi na kulikata volyumu zinazobadilika ukubwa, punguza huku uongeze kule. Haikuwezekana, kwa sababu /home ilitumia mfumo wa faili wa XFS, na XFS hukuzwa tu, haipunguzwi. Ext4, mfumo mwingine wa faili, ingepunguzwa, mradi uiondoe kwanza kwenye matumizi. Kufuta /home moja kwa moja nako hapana: ndani mlikuwa na skani za fomu za mikopo na vitambulisho vya wanachama. Ikatafutwa diski ya kunakilia, umeme ukakatika katikati ya kunakili, kazi ikaanza upya. Wazazi wakarudi nyumbani mikono mitupu na shule imeshafunguliwa. Inauma, maana dakika kumi za kufikiri siku ya kusakinisha zingetosha.

Kwa hiyo gawa mwenyewe. Tumia LVM, ipe kila sehemu inachohitaji sasa, na nafasi nyingine iache ndani ya kundi la volyumu bila kuigawa. Siku ikihitajika, amri ya lvextend -r inaongeza bila kuzima seva. Tenga /var ili logi zikifura zisiuangushe mfumo mzima, na hifadhidata iwe na volyumu yake.

Wa Ubuntu Server, Linux nyingine, kwenu ni kinyume: ukichagua LVM, mara nyingi sehemu kubwa ya diski huachwa bila kugawiwa. Angalia nafasi iliyobaki kwa amri ya vgs kabla hujamwambia bosi diski imejaa, inunuliwe nyingine.

RAID, yaani diski kadhaa zikifanya kazi kama moja, si nakala rudufu. Nakala isikae kwenye diski ile ile. Betri ya UPS (kifaa cha umeme wa akiba) ipime kabla ya msimu wa mvua na radi. Mgawanyo uuandike na kumwachia mtu wa ofisini, maana fundi huhama. Na usisakinishe Ijumaa jioni.