Picha Zikiharibika katika Flight Simulator X: Anzia Hapa Kabla ya Kununua Kadi Mpya

Microsoft Flight Simulator X (FSX), simuleta ya kurusha ndege kwenye kompyuta, ilitoka mwaka 2006 ikitegemea DirectX 9, programu ya Windows ya kuchora picha za michezo, kwa hiyo si ajabu kwamba kwenye Windows ya leo na kadi ya michoro ya kisasa menyu hupotea, njia ya kurukia huwa nyeusi, au vipimo vya chumba cha rubani hubaki vitupu. Mara nyingi kadi yenyewe haina kosa. Badilisha jambo moja, rusha ndege kidogo, ndipo uende kwenye jingine. Ukibadilisha matatu kwa mkupuo hutajua lipi lililosaidia.

Hatua ya 1. Funga simuleta. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika %APPDATA%\Microsoft\FSX, kisha bonyeza Enter. Faili la fsx.cfg, linalohifadhi mipangilio ya simuleta, usilifute, bali lipe jina jingine, kwa mfano fsx-zamani.cfg. Ukiwasha simuleta, itajiandikia jipya lenye mipangilio ya mwanzo. Aliyebadilisha kadi asiiruke hatua hii, kwa kuwa faili la zamani huwa bado limebeba sehemu zinazoanza na DISPLAY.Device, zenye jina la kadi iliyokwisha kung'olewa.

Hatua ya 2. Funga simuleta tena, nenda %LOCALAPPDATA%\Microsoft\FSX na ufute folda ya Shaders, yenye programu ndogo za michoro ambazo simuleta hujihifadhia. Itaundwa upya yenyewe, ingawa uwashaji wa kwanza utachelewa kidogo.

Hatua ya 3. Hii ndiyo iliyonihangaisha kuliko zote. Kila nilipohama kutoka mwonekano wa ndani kwenda wa nje, bawa la kushoto lilitoweka na nyuma yake nikaona bahari. Fundi mmoja akanishauri kadi mpya, nami nusura nimsikilize. Dawa ilikuwa mstari mmoja. Fungua fsx.cfg kwa Notepad, tafuta sehemu ya [GRAPHICS], na chini yake andika:

HIGHMEMFIX=1

Hifadhi, kisha washa simuleta. Hakikisha mstari huo umekaa ndani ya sehemu hiyo na si nyingine, la sivyo hautafanya kazi.

Hatua ya 4. Katika mipangilio ya michoro ya simuleta, ondoa alama kwenye chaguo la DirectX 10 ikiwa ipo. Chaguo hilo lilitolewa kama onjo tu na halikukamilishwa, ndiyo maana michoro ya ardhini hupepesapepesa likiwashwa.

Hatua ya 5. Kwa wenye laptopu yenye kadi mbili, fungua mipangilio ya Windows, sehemu ya skrini kisha ya michoro, uongeze fsx.exe na uichagulie utendaji wa juu, maana Windows ikiachiwa yenyewe huweza kuikabidhi kadi dhaifu.

Hatua ya 6. Tatizo likibaki, ondoa kabisa draiva ya kadi, yaani programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi, anzisha upya kompyuta, kisha sakinisha draiva kutoka kwa mtengenezaji wa kadi.

Ikiwa picha huharibika tu baada ya safari ndefu, punguza ubora wa mandhari na idadi ya ndege nyingine angani. Programu hii ni ya biti 32, na haiwezi kutumia zaidi ya GB 4 za kumbukumbu hata kompyuta ikiwa na 32.