Elbo za bomba la gata: chukua nyuzi 45

Hapa kwangu Nkuhungu, Dodoma, fundi aliweka elbo (viungo vya kona vya bomba) za nyuzi 90 chini ya gata, ule mfereji wa maji ya paa. Mvua ya kwanza ya Desemba, majani ya mwarobaini yakaziba kona, maji yakamwagika ukutani. Nikabomoa mwenyewe.

Nunua mbili za nyuzi 45, kipenyo sawa na bomba. Langu ni inchi 4. Ya juu inalisogeza bomba ukutani, ya pili inalinyoosha lishuke. Zipange kwanza bila gundi, weka alama ya penseli kwenye maungio, ndipo upake. Mdomo mpana utazame juu, bomba la juu liingie ndani ya la chini, la sivyo litavuja.

Kama bomba lako linajaza tangi, mvua ya kwanza usiipeleke humo. Vumbi lililolala juu ya bati tangu Mei si mchezo.