Kutoka karavani kwenda motohomu: namna ya kuchagua mpangilio wa ndani

Anayeuza karavani (nyumba ya magurudumu inayovutwa na gari) ili anunue motohomu (gari lenye nyumba ndani yake) mara nyingi hutafuta mpangilio uleule aliouzoea: sebule pana mbele, jiko katikati, kitanda cha kudumu na bafu nyuma. Akiupata, hujikuta na gari zuri likisimama na la kero likitembea. Karavani ikifika kambini imemaliza kazi. Unaiacha hapo, unapanda gari dogo, unakwenda zako ufukweni au mjini. Motohomu haina gari la pembeni. Maziwa yakiisha, nyumba nzima inakwenda dukani pamoja na vitanda, vyombo na choo. Kwa hiyo anza na siku ya kutembea, halafu ndipo ufikirie usiku wa kulala.

Sheria nyingi zilizotajwa hapa ni za Uingereza. Vipimo vingi ni vya magari yaliyojengwa juu ya Fiat Ducato, kwa kuwa ndiyo chesisi (sehemu ya chini yenye injini na magurudumu) utakayokutana nayo mara nyingi kwenye yadi za wauzaji.

Hatua ya 1: Leseni na bamba la uzito

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu, kwa sababu uzito hufuta nusu ya mipangilio kabla hujafungua mlango.

Aliyefaulu mtihani wa gari Uingereza tangu 1 Januari 1997 ana leseni ya kundi B, linalomruhusu motohomu ya dizeli au petroli ambayo uzito wake wa juu kabisa hauzidi kilo 3,500. Aliyefaulu kabla ya hapo kwa kawaida ana pia kundi C1, linalofika kilo 7,500, lakini akifika miaka 70 lazima alihuishe kwa uchunguzi wa afya. Watu wa karavani hushangazwa na jambo moja: kwa kundi B lilelile walikuwa wakivuta karavani ya kilo 1,600 kwa gari la kilo 2,000 bila tatizo, leo motohomu ya kilo 3,650 hawaruhusiwi kuigusa.

Sasa tazama mzigo. Karavani yako huenda iliruhusiwa kubeba kilo 150 tu, na hukuona shida. Gari la kuvuta ndilo lililokuwa mpagazi: watoto, hema la ubavuni, baiskeli na chakula vilikaa humo. Vyote hivyo sasa vinapanda juu ya ekseli mbili.

Chukua mfano wa motohomu ya mita 7 yenye kikomo cha kilo 3,500 na uzito tayari kwa safari wa kilo 3,050. Inabaki kilo 450. Dereva amekwisha kuhesabiwa kwa kilo 75, pamoja na mafuta, gesi kiasi na maji kidogo, mara nyingi lita 20 tu. Toa yafuatayo:

- mwenzako, kilo 75
- watoto wawili, kilo 80
- kujaza tangi la lita 100, kilo 80 zaidi
- turubai la kukunjwa lililofungwa ubavuni, kilo 30
- mtungi wa pili wa gesi, kilo 20
- betri ya pili, kilo 20
- paneli ya sola, kilo 10
- baiskeli mbili za umeme na kibebeo chake, kilo 65
- meza na viti vya nje, kilo 25
- chakula, vyombo, matandiko na nguo, kilo 100

Jumla ni kilo 505. Umezidi kwa 55, na hujamwaza mbwa. Usitegemee kwamba mtengenezaji amekuachia nafasi ya kutosha: kanuni ya Ulaya inamtaka aache kwa mizigo angalau kilo 10 kwa kila mtu na kilo 10 kwa kila mita ya urefu, abiria wakihesabiwa kando. Kwa watu wanne na mita 7, hiyo ni kilo 110 tu.

Baadhi ya magari yanaweza kupandishwa daraja hadi kilo 3,650 au 3,850 kwa kubadilisha bamba linaloonyesha uzito wa juu kabisa, ila hapo C1 ni lazima. Kuna na suala la mwendo: motohomu ambayo uzito wake mtupu unazidi kilo 3,050 inabanwa kwenye maili 50 kwa saa katika barabara za kawaida na 60 katika barabara mbili zilizotenganishwa. Ukiingia Austria na gari la zaidi ya kilo 3,500, stika ya kawaida ya barabara kuu haitoshi. Unahitaji kifaa cha kulipia kwa kilomita.

Somo kwa mpangilio: kila kabati, kila kitanda cha ziada na kila sentimita ya urefu inakula kilo hizo 450. Kitanda cha kushushwa kutoka darini ambacho mgeni atakilalia mara moja kwa mwaka unakibeba mwaka mzima.

Hatua ya 2: Hesabu mikanda, si mito

Katika karavani hakuna anayeketi safarini, kwa hiyo idadi ya vitanda ndiyo iliyokuwa idadi ya watu. Kwenye motohomu kuna namba mbili, ya vitanda na ya mikanda ya usalama, na mara nyingi hazilingani. Utakuta inayolaza wanne ina mikanda miwili tu, ya mbele. Mipangilio yenye sebule ya umbo la U nyuma huangukia hapo sana. Kochi linalotazama ubavu si kiti cha safari, hata likiwa na mto mzuri kiasi gani.

Kwa watoto, kaa mwenyewe kwenye kiti cha nyuma cha mezani. Angalia kama mkanda una sehemu ya begani au wa kiunoni tu, kama kuna vishikizo vya Isofix (vya kufungia kiti cha mtoto), na kama mgongo wa kiti umesimama wima mno kiasi cha kusukuma kiti cha mtoto mbele. Uingereza mtoto anahitaji kiti chake mpaka afikishe miaka 12 au sentimita 135, kimojawapo kikitangulia. Nenda na kiti chenyewe yadini ukakifunge.

Hatua ya 3: Kitanda

Kitanda kikipita mtihani wa uzito, pima vitu vitatu: urefu wa godoro, njia ya kushuka usiku, na kinachopotea kwa ajili yake.

Kitanda cha kona, chenye ncha iliyokatwa upande wa miguu, huingia kwenye gari la karibu mita 7 na huacha nafasi nzuri ya sebule. Bei yake ni kwamba anayelala ukutani lazima amruke mwenzake, na aliye upande uliokatwa miguu yake huning'inia kama ni mrefu.

Kitanda kisiwa hushukika pande zote mbili, na watu wa karavani hukipenda papo hapo. Ila kwa kawaida huhitaji gari la mita 7 au zaidi, na vingi husukumwa nyuma mchana ili watu wapite, kwa hiyo urefu unaouona kwenye picha ni wa usiku tu. Omba kivutwe, halafu jaribu kufungua mlango wa bafu.

Vitanda pacha vya urefu wa gari ndivyo tunavyovipendekeza kwa wenzi wa umri wa kuamka usiku. Kila mmoja anashuka kivyake, na kwa mto wa katikati vinageuka kitanda kimoja kipana. Pima vyote viwili. Kimoja mara nyingi ni kifupi kuliko kingine kwa sababu ya kabati la nguo au friji.

Kitanda cha kukatisha gari hufupisha gari na huacha gereji (stoo ya mizigo) kubwa chini. Kwenye vani ya Ducato hukatishwa na upana wa bodi yenyewe, kwa hiyo mwenye urefu wa zaidi ya sentimita 180 alale kwanza, tena chali, ndipo aulize bei. Kikiwa juu ya gereji, hesabu ngazi, kisha kaa kitako juu ya godoro: kichwa kikigusa dari huwezi hata kuvaa shati kitandani.

Kitanda cha kutandika kila usiku kutoka kwenye makochi kinadharauliwa bila haki. Kwa watu wawili kinatoa sebule kubwa ndani ya gari fupi. Kinachowashinda wengi ni matandiko: mchana yanakaa wapi? Kama jibu ni "juu ya kiti cha dereva", endelea kutafuta.

Jambo ambalo wauzaji hawalisemi: mwinuko. Motohomu husawazishwa kwa kupandisha magurudumu juu ya kabari, na uwanja wenye mteremko mkali kabari hazitauweza wote. Kitanda cha urefu wa gari hukuumiza pua ya gari ikiinama; cha kukatisha hukuumiza gari likilala ubavu. Aliyezoea gurudumu la mbele la karavani na miguu yake minne ya kona asahau ule usahihi.

Hatua ya 4: Mtakaa wapi mvua ikinyesha

Mipangilio mingi ya leo hutumia viti vya dereva na abiria vilivyozungushwa kuwa sehemu ya sebule. Vizungushe wewe mwenyewe. Cha abiria kwa kawaida hugeuka vizuri. Cha dereva hugongana na usukani, mlango au breki ya mkono, na huenda ukalazimika kufungua mlango ili kipite. Vikishageuka, miguu ya mtu mfupi huning'inia, hivyo kibao cha kuwekea miguu kinahitajika na nacho kinahitaji mahali pa kukaa. Majira ya baridi vioo vya mbele hutoa ubaridi, kwa hiyo hesabu pazia la kuzuia baridi katika bajeti na katika kilo.

Makochi mawili yanayotazamana nyuma ya viti vya mbele ndiyo yanayokaribia zaidi sebule ya karavani ya Kiingereza: mnaweza kunyoosha miguu wote wawili. Sebule ya nyuma ya umbo la U ina madirisha pande tatu na ni nzuri mno mbele ya bahari, lakini uliza tena suala la mikanda.

Hatua ya 5: Bafu na jiko

Bafu la nyuma kabisa ni pana na linatenga harufu, ila huondoa gereji. La ubavuni hubana njia. Ingia, funga mlango, kaa chooni, kisha simama ujifanye unaoga huku viwiko vikiwa nje: hiyo inatosha. Jikoni tafuta sentimita 40 za meza tupu zisizo mfuniko wa sinki wala wa jiko. Aquaroll, pipa la maji ulilokuwa ukilisukuma kwenye nyasi, linapumzika. Badala yake unalipeleka gari zima bombani, na tangi la maji machafu lililoning'inia wazi chini ya sakafu huganda theluji ikianguka.

Hatua ya 6: Mkia

Gereji kubwa ya nyuma huvutia, na ndiyo inayoharibu mizani. Kilo zilizo nyuma ya ekseli ya nyuma huielemea kwa zaidi ya uzito wake, kwa sababu huinua mbele. Hesabu ni rahisi: umbali kati ya ekseli mbili ukiwa mita 4.035, na ukiweka kilo 100 mita 1.8 nyuma ya ekseli ya nyuma, ekseli hiyo hupata kilo 145 hivi, na ya mbele hupoteza 45. Ducato huvutwa na magurudumu ya mbele. Kwenye nyasi zilizolowa, kilo 45 zilizoondoka mbele ndizo zinazokufanya uombe trekta.

Ukipenda mpangilio wenye mkia mrefu, beba vizito katikati: vyakula vya kopo chini ya makochi, si garejini. Na jihadhari na kibebeo cha baiskeli ukutani nyuma. Kiko mbali zaidi kuliko gereji yenyewe.

Mkia pia hufagia. Ukikata kona kuelekea kushoto, nyuma hutoka kulia. Nafasi ya kawaida ya kuegesha Uingereza ni mita 4.8 kwa 2.4, hata vani ya mita 5.99 huzidi kwa mita moja na ushei, na njia mojawapo ni kuacha mkia uning'inie juu ya nyasi. Gari la mita 7.4 litabaki kambini nanyi mtapanda basi, kwa hiyo kama mnapenda miji midogo ya Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, rudi hatua ya 3 uchague kitanda kifupi zaidi.

Hatua ya 7: Mlango

Magari yaliyojengwa kwa soko la Ulaya bara huwa na mlango wa nyumba upande wa kulia. Uingereza huo ni upande wa magari yanayopita, na mtoto akiruka nje anatua barabarani. Yaliyojengwa kwa ajili ya Uingereza mengi yana mlango wa kushoto. Kwa anayekwenda Ufaransa na Uhispania miezi mingi, hesabu hugeuka.

Hatua ya 8: Saa nzima yadini

Nendeni wote mtakaosafiri, mkiwa na makoti na viatu vya mvua. Mmoja apike chai mwingine avae. Mmoja alale, mwingine aende chooni. Fungueni friji huku mtu akipita. Tafuteni mahali pa makoti mabichi. Magari mengi hayana. Tandikeni kila kitanda kwa mikono yenu, si ya muuzaji. Toeni kaseti ya choo (tangi la uchafu) mwone kama mlango wake unafunguka gari likiwa limeegeshwa karibu na ukuta.

Kisha mkodishe gari la mpangilio huohuo kwa siku chache, ikiwezekana Novemba, si Julai. Na kabla ya kulipa bei yote, ombeni tiketi ya mizani ya ekseli moja moja ya gari lenyewe mtakalochukua, vifaa vyote vya ziada vikiwa vimefungwa. Uzito ulioandikwa kwenye kijitabu ni wa gari bila turubai, sola wala betri ya pili. Muuzaji akikataa kupima, mwambieni aandike kwenye mkataba kilo zinazobaki kwa kila ekseli, na asaini.