Jinsi ya Kubuni Tawi la Druidi Anayepigana Ana kwa Ana

Kundi letu hukutana Jumamosi jioni kwenye baraza moja ya Kinondoni kucheza Dungeons & Dragons , mchezo wa kuigiza wahusika kwa kurusha dadu, kwa kanuni za mwaka 2014. Mchezaji wetu wa druidi (mchawi wa maumbile anayeweza kugeuka mnyama) alikuwa akilalamika kwamba kila anapotaka kupigana mbele hana budi kugeuka dubu, ilhali yeye alitaka kubaki mtu, rungu mkononi. Hivi ndivyo nilivyomtengenezea tawi lake, yaani aina maalumu ya druidi yenye uwezo wake wa pekee, pamoja na mahali nilipokosea.

Hatua ya 1: Tafuta upungufu kabla ya kubuni uwezo. Druidi hupata uhai kwa dadu ya pande nane, havai deraya ya chuma, hana shambulio la pili, na tabano (uchawi) zake nyingi nzuri zinadai umakini, yaani hukatika akipigwa na kupoteza umakini huo. Kinga (namba ambayo adui lazima aifikie kwa dadu ili ampate) haimsumbui sana, kwa sababu deraya ya ngozi, ngao na wepesi wa +2 humfikisha 15, usiiongeze.

Hatua ya 2: Chagua taswira moja inayoziba upungufu huo. Nilichagua mkoko. Aliyewahi kupita Kunduchi maji yakiwa yamekupwa ameona mizizi yake ilivyojipinda kama miguu ya kaa, imeng'ang'ania tope ambalo mtu akilikanyaga anazama hadi magotini. Hapo ndipo ilipotoka kanuni iliyoongoza mengine yote: druidi huyu ana nguvu akisimama mahali pamoja, na huzipoteza akihama.

Hatua ya 3: Jenga uwezo wa ngazi ya 2, ambao ndio uti wa mgongo wa tawi. (Wanaotumia kanuni za 2024 wauanzishe ngazi ya 3.) Druidi anaweza kugeuka mnyama mara mbili kabla ya kuhitaji mapumziko mafupi, mruhusu atumie mojawapo ya nafasi hizo kuota mizizi kwa dakika kumi, apate uhai wa muda (unaopungua kwanza kabla ya uhai wake halisi) wa pointi tatu kwa kila ngazi yake. Kosa langu la kwanza lilikuwa hapa. Kuota mizizi kulikuwa tendo la nyongeza (moja tu huruhusiwa kwa zamu), na tabano la Shillelagh, linalomwezesha kupiga rungu kwa hekima badala ya misuli, nalo ni tendo la nyongeza, kwa hiyo mchezaji alitumia zamu mbili kujiandaa huku wenzake wakimaliza majambazi wote. Nikayaunganisha: anapoota mizizi, rungu linapata baraka ya tabano hilo papo hapo.

Hatua ya 4: Kwenye ngazi ya 6, piga hesabu kwanza. Mpe shambulio la pili, kisha mlinganishe na mpiganaji halisi. Mpiganaji mwenye upanga mkubwa na nguvu za +4 hutoa wastani wa 11 kwa pigo, yaani 22 yakipata yote mawili. Druidi wetu mwenye hekima ya +4 hutoa 8.5, yaani 17. Pengo hilo ni la haki, maana druidi ana tabano ambazo mwenzake hana. Mimi niliongeza dadu ya pande sita kwa kila pigo, jumla ikafika 24, na kijana anayecheza mpiganaji akaniuliza kwa upole kama aanze kubeba mizigo. Sasa dadu hiyo huongezwa mara moja tu kwa zamu.

Umakini nao ushughulikie hapa. Wengi hudhani uhai wa muda unaulinda, lakini hata madhara yanayoishia kwenye uhai huo humlazimu mchezaji kurusha dadu na kufikisha 10, au nusu ya madhara ikiwa inazidi 10. Nimeamua kwamba druidi ambaye hajahama tangu zamu yake iliyopita arushe dadu mara mbili na kuchukua kubwa.

Hatua ya 5: Ngazi za 10 na 14 zisikuchukulie muda mwingi. Kwenye ya 10, ardhi ya futi kumi kumzunguka iwe tope kwa maadui. Kwenye ya 14, mpe Bamvua, wimbi la kuwasukuma mbali wote waliomzingira, mara moja kwa siku.

Hatua ya 6: Lijaribu kwenye mapambano matatu: dhidi ya kundi la wanyonge, dhidi ya jitu moja, na dhidi ya wapiga mishale walio mbali. Katika hilo la tatu druidi wetu alikaa na mizizi yake bila kumfikia mtu yeyote, na mchezaji akataka nimpe uwezo wa kurusha miiba. Nilikataa.